Matone ya Mabaki

Mlango wa wodi namba sita ulimkataa Mama Lugano kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya wauguzi wa zamu mbili na ndugu wa wagonjwa waliokuja na chupa za uji. Alifanya kama tunavyofanya wote. Aliibana beji katikati ya viganja, akahesabu hadi kumi, akaisogeza puani na kuipulizia, kisha akaibandika kwenye kioo cha mlango. Beji ikaanza kuiva zambarau ukingoni, taratibu, hadi katikati.

“Mhudumu, umebeba,” mlango ukasema kwa ile sauti yake ya upole ninayoichukia. “Ondoka eneo la wagonjwa.”

Mama Lugano alikuwa na ndoo yake miguuni na dekio begani. Amedeki wodi ile miaka ishirini na sita. Aligeuka akanitafuta mimi kwa macho, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa wodi.

“Sista Atu, nimenawa,” akasema. “Nimenawa mpaka viwiko. Muulize yeyote hapa.”

“Najua, mama.”

Nilijua kweli. Hakuna mtu katika hospitali ile anayenawa kama Mama Lugano. Lakini sikusema zaidi ya hapo. Nilimwambia akapumzike kwenye stoo ya mashuka mpaka aitwe, nikaibana beji yangu, nikaipulizia, ikabaki nyeupe pe. Mlango ukanifungulia na kunishukuru kwa usafi wangu.

*

Mimi niliyezaliwa mwaka elfu mbili na thelathini sikuwahi kuona sindano ya kuua bakteria ikifanya kazi. Mama yangu aliniambia zamani ilitosha kuchomwa siku tano, jipu linakauka. Tulichorithi sisi ni bakteria waliokwisha kuzizoea dawa zote, na wanaoishi raha mustarehe mahospitalini, kwenye pua na mikono ya wale wale wanaowauguza watu. Mtu anakuja na mguu uliovunjika, anaondoka kwa jeneza, na aliyemuua ni kidonda alichofungwa bendeji na muuguzi mzuri tu.

Ndipo zikaja kingamwili za kutengenezwa. Sitajifanya mtaalamu, nitaeleza nilivyofundishwa. Kila bakteria ana vazi lake. Kingamwili ni kitu kidogo sana kinacholijua vazi hilo moja tu, na kikilikuta kinaling'ang'ania. Ukizipanga kingamwili kwenye beji, zikimnasa bakteria, rangi inageuka. Ukizitia kwenye matone na kumdondoshea mgonjwa puani kabla ya upasuaji, zinamfunika bakteria aliyejificha humo. Saa sita baadaye unamsafisha mgonjwa pua kwa dawa ya kuoshea, na waliofunikwa wanatoka. Matone na dawa ya kuoshea vinakwenda pamoja. Hilo nalo nilifundishwa.

Kichupa cha matone kikifunguliwa asubuhi kinakufa jioni. Kinatosha wagonjwa kumi, na sisi kwa siku tulipasua wanne, watano. Kila jioni ilinibidi nimimine nusu ya kichupa kwenye sinki, na roho iliniuma. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akikwangua sufuria ya ugali na ukoko akautia chai. Dawa ya kumwokoa mtu nimimine kwenye sinki, na huku wahudumu wangu wanafuta usaha kwa mikono mitupu?

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo. Niliisoma, sitasingizia kutosoma. Iliandikwa: “Wavaa beji wasitumie matone haya.” Basi. Haikusema kwa nini. Na mimi, baada ya miaka kumi na tisa ya kuambiwa wahudumu wasipewe glavu, wauguzi wasipewe barakoa mbili, zamu ya jioni isipewe chai, nilijua sentensi ya namna hiyo inatoka wapi. Nilijua ni ubahili. Niliikunja ile karatasi nikaitupa.

Tangu hapo, kila jioni wakati wa kukabidhiana zamu, tulipanga mstari. Wauguzi, wahudumu, mpishi, hata mlinzi wa geti la ndani. Kila mmoja aliinua uso, nikamdondoshea matone mawili kila tundu. Watu wa kwetu ni wa kanisani, hivyo haikuchukua wiki wakaliita jambo hilo ushirika. “Sista, leo ushirika upo?” wananiuliza koridoni, tunacheka. Wale waliokuwa bado kazini saa hiyo niliwapimia ya kwao kwenye vichupa vidogo vya maabara, wajidondoshee wakimaliza. Mama Lugano alikuwa mmoja wao, maana jioni ndiyo saa yake ya kudeki.

Zambarau ikatoweka. Zamani kila wiki watu wawili watatu walikuwa wakirudishwa nyumbani siku nne wakasafishwe, na sisi tuliobaki tunafanya kazi za watu sita. Sasa miezi saba, beji zote nyeupe. Tulipewa kikombe na mkoa. Kipo ofisini kwa mganga mfawidhi, Daktari Kapinga, kando ya picha ya harusi yake. Nilipiga picha nimekishika, na nilivimba kichwa kweli kweli.

Kisha akafa Eliya, mchuma chai aliyekuja kupasuliwa ngiri. Utepe wa kingamwili kwenye bendeji yake uligeuka zambarau siku ya tatu, na siku ya saba tulimfunika. Baada ya wiki mbili akafa Tusekile, binti wa miaka ishirini na moja aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto alipona. Bibi yake alimbeba kwa mgongo, akanipungia mkono getini, akaniambia “ndaga”. Ananishukuru mimi.

Na tangu Eliya afe, beji iliyogeuka zambarau wodini ni moja tu. Ya Mama Lugano.

*

Jumatatu ile mchana nilimfuata kwenye stoo ya mashuka. Alikuwa hajapumzika. Alikuwa anakunja mashuka ambayo hakuna aliyemwambia akunje.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Sista. Wamesemaje?”

“Bado. Mama, naomba nikuulize kitu, na usinifiche. Yale matone ya jioni unayatumia?”

Mikono yake ikasimama juu ya shuka. Nilimwona anapima kama aniambie au asiniambie, na kilichomsumbua si hofu, ni adabu.

“Usinione sina shukrani,” akasema.

“Sema tu, mama.”

“Nilikuwa namwekea Subilaga.”

Subilaga ni mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa na mguu umepinda kwa ndani. Alikuwa apasuliwe mwezi wa nane. Mama Lugano alieleza kwamba alipoona dawa ile ni ya thamani, wanapewa wanaopasuliwa, aliona haramu kuimalizia kwenye pua ya mtu mzima mwenye afya. Kila kichupa nilichompa alikwenda nacho nyumbani. Anavyo vyote kwenye kopo la siagi, ndani ya mtungi wa maji ya baridi. Hata kimoja hakukifungua.

Sikumwambia kwamba kila kimoja kilikufa jioni ile ile niliyompa. Nilikuwa ninafikiri jambo jingine. Watu ishirini na wawili wanadondoshewa matone na beji zao ni nyeupe. Mmoja hadondoshewi na beji yake inaona.

Nikashuka maabara. Fundi wa maabara wetu, mzee Anyimike, alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Tangu beji zije hakuna aliyemtuma kuotesha kitu, lakini alikuwa bado anapika zile sahani za zamani za kuoteshea bakteria, nadhani kwa ukaidi.

“Nipimie pua za watu ishirini na watatu,” nikamwambia. “Kwa njia yako.”

“Beji zimeharibika?”

“Sijui, baba. Ndiyo maana nimekuja.”

Wenzangu niliwaambia ni zoezi la kawaida. Walicheka, wakainua nyuso kama walivyozoea, na mimi nikawapitishia pamba puani mmoja mmoja. Yangu nilijipitishia mwenyewe. Mama Lugano nilimpitishia kule kule stoo.

Jumatano saa sita mchana mzee Anyimike aliniita. Alikuwa amezipanga sahani mezani juu ya gazeti. Ishirini na mbili zilikuwa zimeota madoa mviringo, ya manjano yanayong'aa, mazuri ukiyatazama bila kujua ni nini. Moja ilikuwa tupu.

“Hii tupu ni ya nani?”

“Ya mhudumu wenu. Mama Lugano,” akasema. “Na hii iliyojaa mpaka ukingoni…” Jina langu lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za zamani.

Yeye ndiye aliyenieleza, polepole, bila kunikaripia, na ningependa angenikaripia. Matone na beji ni kingamwili ile ile, inashika mahali pale pale kwenye vazi la bakteria. Mahali hapo pakishakaliwa na tone, beji inakuja kushika inakuta kiti kina mtu. Inapita. Inasema huna kitu. Na puani tone peke yake haliui. Linafunika, basi, halafu dawa ya kuoshea ndiyo inatoa, na dawa ya kuoshea haikuwa na mabaki ya kugawa. Kwa hiyo sisi wote tulikuwa tunawafuga humo, wazima, wamevaa, hawaonekani, na kila asubuhi tunawapeleka kwa wagonjwa kwa mikono yetu.

“Sasa Mama Lugano? Pua yake si safi? Zambarau anaitoa wapi?”

“Anadekia maji mangapi?”

“Ndoo moja, asubuhi mpaka jioni.”

“Yenye uvuguvugu?”

“Ya jikoni, ndiyo.”

“Basi humo ndimo wanamozaliana. Mnaowadondosha ninyi sakafuni wanaingia ndooni, wanazaa. Watoto wao hawajavaa tone. Yule mama hana glavu, ana beji inayoona. Inakuonyesheni ninyi.”

Ningepaswa kupanda ngazi saa ile ile niende kwa Daktari Kapinga. Sikwenda. Nilijiambia sahani zioteshwe mara ya pili tuhakikishe, kisha nikajiambia ni vizuri nijipange maneno. Nilijikosha kwa siku mbili. Nilijipa kazi ya makaratasi nisiguse mgonjwa, na niliusitisha ushirika nikisema vichupa vimechelewa, nikaona nimefanya jambo. Wenzangu waliendelea kufunga vidonda kwa beji nyeupe na mimi nilikuwa nawatazama kupitia kioo cha ofisi yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo.

Ijumaa asubuhi utepe wa Mwalimu Gwamaka, kitanda namba nne, uligeuka zambarau. Ni mwalimu wa hesabu aliyevunjika paja akitengeneza paa la darasa. Juzi yake tu alikuwa ananitania kwamba wodi yetu haina saa hata moja inayosema kweli. Saa tatu walimkata mguu kuokoa kilichobaki.

*

Daktari Kapinga alinisikiliza bila kunikatiza. Kikombe kilikuwa pale pale kando ya picha ya harusi. Nilipomaliza alivua miwani akajifuta uso wote kwa kiganja.

“Nani mwingine anajua?”

“Mzee Anyimike.”

“Huyo hasemi.” Akageuza kioo cha kompyuta ya mezani kikanielekea. Ilikuwa fomu ya Sajili ya Maambukizi, ile ambayo kila wodi iliyopoteza wagonjwa wawili lazima iijaze. Ilitaka jina la chanzo kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Wodi isiyotaja chanzo inafungwa miezi sita. “Sista Atuganile, nikiandika hayo uliyonieleza, hiki si chanzo, hii ni wodi nzima. Watafunga saa sita na dakika moja. Mwenye kupasuliwa atakwenda wapi? Unaijua barabara ya kwenda mkoani wakati wa mvua. Juzi tumepokea kina mama watatu waliokwama uzazi. Wangefika?”

“Wasingefika.”

“Basi. Tunaacha matone, tunawaosha watu wote pua kimya kimya, kwa dawa ya wagonjwa, nitatafuta namna ya kuieleza. Wiki mbili beji zinaona tena. Hafi mtu mwingine.”

“Na jina?”

Hakunitazama. “Sajili ina jina tayari. Mara tatu zambarau.”

“Daktari, yule mama ndiye pekee aliye safi hapa ndani.”

“Najua. Nimekusikia. Unadhani nitalala vizuri?” Sauti yake ilipanda, akaishusha. “Atakuwa ametolewa mmoja, na wodi ibaki. Niambie wewe hesabu nyingine.”

Kutolewa kwenye Sajili si kuachishwa kazi tu. Mtu aliyetolewa hawezi kufanya kazi hospitalini, shuleni, mgahawani wala kuuza hata maandazi sokoni. Jina lake linabandikwa kwenye ubao wa kata. Watoto wa jirani wanakatazwa kula kwake.

“Weka jina langu,” nikasema.

Alinitazama sasa. Akavuta kioo, akaliandika jina langu lote, akabonyeza. Kioo kikajibu mara moja: “Beji ya mtajwa ni safi. Taja chanzo kingine.” Akaandika tena. “Beji ya mtajwa ni safi.” Fomu haikuwa na mahali pa kueleza sababu. Niliitafuta mwenyewe, nikaishusha mpaka chini kabisa. Hamna.

“Unaona?” akasema, na nadhani aliona nafuu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

Nikatoka. Ndoo ya Mama Lugano ilikuwa imewekwa nje ya stoo, na mhudumu wa zamu alikuwa ameirithi pamoja na maji yake. Nikachuchumaa, nikazamisha mikono yote miwili mpaka vifundoni. Yalikuwa na joto la kupendeza. Kisha nikaenda mlangoni, nikaibana beji, nikahesabu kumi.

“Mhudumu, umebeba.”

Nikaisafisha beji kwenye mashine yake, nikarudi ndooni, nikarudi mlangoni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nesi Lwitiko alisimama ndani ya kioo, mkono mdomoni. Nilikuwa ninadanganya ili mashine iamini jambo la kweli, na nilikuwa na furaha ya ajabu, lazima nikiri, nilijiona mtu mwema. Nilishamwona Mama Lugano akirudi Jumatatu na dekio lake.

Niliingia kwa Daktari Kapinga bila kubisha hodi. “Andika sasa.”

Akaandika. Kioo kilifikiri kidogo, kikaonyesha alama ya kijani, na chini yake maneno ambayo tuliyasoma wote wawili kwa pamoja:

“Asante. Vyanzo viwili vimeondolewa. Wodi iendelee na kazi.”

“Futa,” nikasema. “La kwake ufute.”

“Mara tatu inajiandika yenyewe, Sista. Ilijiandika Jumatatu ile ile.” Alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo kama mtu anayefunika sahani. “Nilidhani unajua.”

*

Mama Lugano alikuwa kwenye benchi la nje ya geti, na mfuko wa vitu vyake mapajani. Mlinzi alikuwa ameshachukua beji yake. Alipochukua yangu pia, yule mama alisogea kunipisha nikae.

Nikamweleza yote. Matone, sahani, ndoo, fomu. Sikuruka hata siku zile mbili. Alisikiliza akitazama geti.

“Ulijua tangu Jumatano,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Ungesema Jumatano, mwalimu angekuwa na mguu wake.”

“Ndiyo.”

“Na mimi?”

“Wewe, jina lako lilishaandikwa Jumatatu. Lakini ningesema, watu wangejua si wewe. Sasa…”

Hakunishukuru kwa kutumbukiza mikono yangu ndooni. Nilikuwa nimeingoja shukrani hiyo, naona aibu kuiandika, lakini niliingoja. Alifungua mfuko wake, akatoa kopo la siagi. Jumatatu alipokwenda nyumbani alilichukua, anipe vile vichupa kama ushahidi nikivihitaji. Vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa chenye maji, vimepangwa, kila kimoja na tarehe yake kwa kalamu.

“Hivi je? Subilaga akipasuliwa vitamfaa?”

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimekwisha kudanganya mchana ule.

“Havifai, mama. Kila kimoja kilikuwa kinakufa jioni ile ile. Ndiyo maana nilikuwa nawapa. Vilikuwa vya kumwagwa.”

Akafunika kopo, akalisukuma taratibu kwenye benchi mpaka likagusa paja langu.

“Kumbe ulikuwa unatupa vya kumwagwa,” akasema. “Na mimi ninamwekea mtoto.”

Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya kwao.